Rangi Mpya Juu ya Mbao Mbovu

Ndugu zangu wenye nyumba, nanyi wapangaji, tulieni niwasimulie. Haya yalitokea katika nyumba iliyokuwa na rangi nzuri kuliko zote mtaani.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Mama Pacha, fundi cherehani, alikuwa ghorofani sebuleni kwake akipinda sketi za shule. Mabinti zake mapacha walikuwa sakafuni wakitenganisha vifungo vyeupe na vyeusi. Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa anasinzia kwenye kiti, kidevu kifuani. Mumewe, fundi rangi aliyejulikana mtaani kwa jina la Brashi, alikuwa juu ya ngazi akipaka fremu ya dirisha rangi nyeupe huku anapiga mluzi. Ungepita wakati ule ungesema, hawa ndio watu wanaoishi.

Msidanganyike na mluzi.

Madirisha yale ya mbao yaliwekwa na marehemu baba yake Brashi, mwaka aliomwoa Bibi. Yalikuwa imara enzi zake, lakini sasa yalikuwa yamekula chumvi nyingi. Badala ya kuyatengeneza, Brashi aliyapaka rangi kila mwaka, tabaka juu ya tabaka, mpaka mabawa ya kufungulia yakagandana na fremu kama meno ya mtu mwenye kifafa. Puti inayoshika vioo ilikuwa imekauka ikawa inadondoka vipande vipande. Lori likipita, vioo vilitetemeka. Mvua ya upepo ikija, maji yalipita chini ya fremu na ukuta ukavimba. Mama Pacha akisema, alijibiwa, "Dirisha la baba yangu lina kosa gani? Wewe ndiye uliyelikuta hapa."

Akirudia, alipigwa.

Niliseme wazi, maana waliolinong'ona ni wengi. Brashi alimpiga mkewe kwa mkono, kwa mkanda, na mara moja kwa mpini wa rola. Bibi ndiye aliyefuta damu. "Vumilia, mwanangu," alikuwa akisema. "Ana hasira za baba yake. Zinawaka, zinazima." Majirani wakiuliza lile jicho limepatwa na nini, Bibi aliwahi kujibu kabla mkwewe hajafungua mdomo: "Amejigonga kwenye dirisha." Dirisha masikini likabebeshwa dhambi lisizozijua.

Jumapili ile joto lilipozidi, mmoja wa mapacha akasimama, akaweka kiganja kwenye kioo na kusukuma. Bawa halikufunguka. Kioo ndicho kilichotoka, kikapasuka juu ya mkono wa mtoto na kumchana kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko.

Brashi akashuka kwenye ngazi. Mama Pacha alidhani anakuja kumshika mtoto. Badala yake Brashi alimpiga mtoto kofi lililomwangusha juu ya vifungo.

"Umevunja dirisha la babu yako!"

"Baba watoto, anavuja damu!"

"Na wewe nyamaza, usije ukavuja ya kwako!"

Mama Pacha alichana sketi ya mteja, akaufunga mkono wa binti yake. Mikono yake ilikuwa imetulia. Alikuwa ameshajifunza kutetemeka ndani kwa ndani.

Kesho yake alimwita kaka yake, ambaye ni seremala. Kaka mtu alikuja mchana na mfuko wa vifaa. Alichukua bisibisi, akaigusisha kwenye ubao wa chini wa fremu, akaisukuma kwa kidole kimoja tu. Ikazama yote mpaka mpini.

"Shemeji," alimwambia Brashi, "hapa hakuna ubao. Kuna rangi tu. Ubao walishaumaliza mchwa."

"Unanifundisha nyumba yangu?"

"Sikufundishi. Dirisha la mbao likitunzwa linaweza kumzika aliyelipachika. Lisipotunzwa, huoza watoto hawajamaliza shule. Mimi sihesabu miaka, naliuliza lenyewe. Linafunguka? Halifunguki. Linazuia maji? Halizuii. Limeshika kioo? Mkono wa mtoto ndio huo. Kutia kiraka hapa ni kumpaka maiti mafuta. Toa yote, weka mapya."

"Baba yangu ndiye unamwita maiti?"

"Shemeji, nasema dir..."

Kopo la rangi lilimpata juu ya jicho. Seremala alianguka magoti, rangi nyeupe na damu vikichuruzika pamoja usoni. Brashi akamwongeza teke la mbavu. Seremala naye si mtu wa kuchezea. Alimdaka mguu, akamvuta chini, wakaviringishana sakafuni wakipigana ngumi za karibu, cherehani ikapinduka, watoto wakapiga mayowe. Brashi alikuwa ameshamkaba shemeji yake koo kwa mikono miwili Bibi alipomning'inia shingoni na kumng'oa.

Mlangoni, amejibana jicho kwa kitambaa, seremala alimwambia dada yake, "Chukua watoto. Twende sasa hivi."

Mama Pacha alimtazama Bibi. Bibi alitikisa kichwa taratibu. Mama Pacha akabaki.

Najua mnachotaka kuuliza. Alibaki kwa sababu mtu aliyezoea kuomba ruhusa ya kupumua haondoki siku mlango unapofunguliwa. Tusimcheke. Kila mtaa una wake.

Brashi alirudishia kioo kingine, akalipigilia bawa misumari kwenye fremu, akapaka rangi juu. Nyumba ikang'aa tena.

Wiki haikuisha, mvua ikaja. Ilikuwa alasiri, mvua ya kuchapa kwa pembeni. Maji yaliingia sebuleni kupitia chini ya fremu, yakatiririka juu ya cherehani na nguo za wateja. Mama Pacha alisogeza meza, akaweka ndoo, haikusaidia. Mwishowe alichukua koleo na kuanza kung'oa misumari. Alitaka kuliachia lile bawa, alivute kwa ndani, alikaze na matambara. Alikuwa ameng'oa miwili Brashi alipoingia, amelowa, kazi ya siku imeharibiwa na mvua.

"Unafanya nini?"

"Maji yanaingia. Nguo za watu..."

Hakumaliza. Brashi alimkamata kisogo, akampigiza uso kwenye cherehani. Mama Pacha alisikia pua ikivunjika kabla hajasikia maumivu. Akapigwa pigo la pili. Aliteleza kwenye maji, akasikia mkanda unachomolewa kiunoni.

Ndipo Bibi aliponyanyuka. Kwa miaka yote ile alikuwa anafika baada ya kipigo, na kitambaa. Safari hii alikuja katikati. Alisimama mbele ya mkwewe, mgongo dirishani, akanyoosha mikono.

"Basi! Utamuua! Nimesema basi!"

"Pisha, mama."

"Sipishi."

Brashi alimsukuma kwa kiganja kifuani, kama mtu anayesukuma pazia.

Dirisha halikuvunjika, wenzangu. Liliondoka. Fremu, mabawa, vioo na misumari, vyote vilichomoka ukutani kwa mkupuo, na Bibi akaenda navyo kinyumenyume.

Mama Pacha hakuwaza. Alijirusha kifudifudi, akamdaka Bibi mkono karibu na bega, mkono mwingine ukapata gauni. Tumbo lake likabaki kwenye ukingo wa tofali, na kipande cha kioo kilichokatikia ukingoni kikamwingia mkononi hadi kwenye mfupa. Chini, fremu ilitua barabarani kwa kishindo. Bibi alikuwa ananing'inia mvuani, macho yamemtoka, bega lake limeteguka, anapiga ukelele usio na maneno.

"Usiniache," alisema hatimaye.

"Sikuachi, mama."

Nyuma yao Brashi aliduwaa. Kisha, badala ya kushika miguu ya mkewe, akamshika nywele.

"Umemsukuma mama yangu! Umemuua mama yangu!"

Akamtwanga ngumi mgongoni, ya pili, ya tatu. Kila ngumi ilipotua, Mama Pacha aliteleza kidogo kuelekea nje. Damu yake ilitiririka ikafika kwenye vidole, na vidole vikaanza kuteleza. Akauma gauni la Bibi kwa meno.

Pacha aliyekuwa na mkono uliofungwa alichukua pasi ya chuma ya mama yake. Ilikuwa nzito kwake. Aliinyanyua kwa mkono mmoja akaiachia juu ya mguu wa baba yake. Brashi alilia kama mnyama, akaanguka. Hapo ndipo majirani walipopanda ngazi mbio, muuza duka wa chini akiwa mbele, wakamvuta Bibi ndani. Waliobaki walimshukia Brashi, na sitasema uongo, walimpiga mpaka askari alipowazuia.

Hospitalini askari aliketi kando ya kitanda cha Bibi. Bega lilikuwa limefungwa, mbavu zimevunjika, sauti ni ya kukwaruza. Kwenye kitanda cha pili Mama Pacha alikuwa ameshonwa mkono wote. Daktari alishamwambia vidole viwili havitakunjika tena.

"Mama, nani aliyekusukuma?"

Bibi alifumba macho. Mama Pacha aligeuza uso ukutani, maana alijua mama ni mama.

"Ni mwanangu," alisema Bibi. "Andika jina lake, mimi ndiye niliyempa. Andika na mkewe alivyokuwa anapigwa. Na andika kwamba nilikuwa najua."

Brashi yuko jela. Seremala alitoa madirisha yote ya nyumba ile, akaweka mapya yanayofunguka kwa kidole. Mama Pacha anashona polepole kuliko zamani. Bibi anaishi naye bado, na kuna siku hawazungumzi mpaka jua linazama. Kusamehe hakuji kwa siku moja. Lakini chakula wanakula meza moja.

FUNZO

Dirisha lina umri wake, kama kila kitu kilichotengenezwa na mikono. Likigoma kufunguka, likiingiza maji, likicheza kioo, likilika ubao, usingoje likuue. Litoe. Rangi ni pambo, si dawa.

Na mkono unaopiga nyumbani ni hivyo hivyo. Enyi wazazi, mchelea mwana kulia hulia yeye. Ukimfutia damu mkweo leo na kumfichia mwanao, unaongeza tabaka la rangi juu ya uozo, na siku utakapouegemea, wewe ndiye utakayeanguka. Enyi majirani, mkisikia kipigo pandeni ngazi siku ya kwanza, msingoje mpaka fremu iko barabarani. Nawe unayepigwa, siku ndugu yako atakaposimama mlangoni akakuambia twende, usimtazame mtu. Chukua watoto, toka.