Jina Kwenye Fomu ya Hisa

Jumamosi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, wanafunzi tisa wa Mzee Osayande Igbinosa walimkuta amekufa kwenye kiti chake barazani. Mto wa kiti ulikuwa chini miguuni pake, na mezani vilitawanyika vikaratasi vya maswali ya wiki. Kila Jumamosi mzee huyo, mpima ardhi mstaafu, aliwafundisha majirani zake wa Benin City namna ya kununua hisa wenyewe bila kulaghaiwa na wajanja.

Inspekta Isoken Uwaifo alifika saa tatu kasorobo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyependa kupotezewa wakati. Aliutazama mdomo wa mzee uliochanika kwa ndani, akautazama na mto. Mzee alikuwa amezibwa pumzi. Kisha akaviokota vikaratasi akasoma. Hisa na hati fungani, kipi salama zaidi? Mbona riba ikipanda, bei ya hati fungani yangu inashuka? Mfuko wa uwekezaji ukianguka, nani ananirudishia changu? Nyuma ya kila kimoja mzee alikuwa amejibu kwa wino mwekundu.

"Nani alimwona mwisho?" akauliza.

Mama Efosa, muuza vitambaa wa ng'ambo ya barabara, akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Afande, samahani. Zile hisa za saruji alizotuambia tununue, sasa yeye kafa, zitashuka bei?"

"Mama, mwalimu wako hata hajazikwa."

"Nauliza tu. Akiba yangu yote iko humo."

Wenzake wanane wakamwangalia Inspekta, nao wakisubiri jibu. Binadamu ndivyo tulivyo, tusidanganyane.

"Nijibu kwanza mimi," Isoken akasema.

"Jana saa kumi na moja jioni nilimsalimia, mzima wa afya, anakula akara zake, zile bajia za kunde. Saa kumi na mbili akaja bintiye, Itohan. Wakagombana, we acha tu. Saa kumi na mbili na dakika ishirini nikamwona binti anatoka analia. Baada ya hapo nikafunga duka."

Kutoka chumba cha uani akaja Eghosa, mtoto wa marehemu mdogo wake mzee, aliyelelewa nyumba hiyo tangu akiwa na miaka sita. Macho yalikuwa mekundu.

"Baba mkubwa alinilea, Afande. Huyo Itohan anakuja kumtukana tu, kisha anaondoka. Mkamateni."

"Unajua lolote kuhusu hisa zake?"

"Mimi nauza matairi. Hisa nitazijulia wapi?"

Kabla ya saa nne Itohan alikuwa kituoni. Alikuwa mtoto pekee wa mzee, mwalimu wa shule ya msingi, na alikaa wima kama anayesubiri zamu yake benki.

"Mlikuwa mnagombania nini?"

"Mambo ya nyumbani."

"Itohan, adhabu ya kuua ni kitanzi. Sema."

"Nilimwacha baba yangu mzima. Basi."

Isoken alimbana mchana kutwa, hakupata zaidi. Mkuu wa kituo akafurahi. Ushahidi upo, mtuhumiwa yupo, kuna nini tena cha kutafuta? Jumatatu ilikuwa sikukuu ya taifa, kwa hiyo Itohan angefikishwa mahakamani Jumanne saa sita mchana. Isoken hakufurahi hata kidogo. Ukaidi wa yule binti ulimuudhi, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba alianza kumwamini.

Jumanne saa tatu kasorobo alikuwa ofisini kwa dalali wa hisa wa mzee, Bwana Aimufua.

"Umechelewa kidogo," dalali akasema. "Eghosa katoka hapa sasa hivi. Alinikuta nafungua mlango. Kaniachia hiki kiapo cha mahakama, anataka hisa ziwe zake leo leo."

"Kwa nini zake?"

"Kwenye fomu mzee alimwandika kuwa ndugu wa karibu." Bwana Aimufua akacheka bila furaha. "Kila wiki nafukuza mtu kama huyo. Nimemwambia aache karatasi, nitamwita."

Isoken akakisoma kile kiapo mara mbili. Kisha akavuka barabara hadi mahakamani, akamsubiri karani wa viapo afungue ofisi.

Saa nne kasoro dakika ishirini Eghosa aliketishwa kituoni. Upande wa pili wa meza aliketi Itohan, pingu mkononi.

"Baba yako mkubwa alikufa lini?" Isoken akauliza.

"Ijumaa jioni. Si huyu hapa aliyemuua?"

"Saa kumi na moja alikuwa mzima?"

"Ndiyo. Mama Efosa alimwona."

"Basi nisomee hapa. Umeapa kwamba wewe ni ndugu wa karibu wa marehemu Osayande Igbinosa. Marehemu. Sasa soma muhuri."

Eghosa akatazama muhuri, asisome. Isoken akamsomea. Ijumaa, saa tano na dakika arobaini asubuhi.

"Karani kakosea tarehe."

"Natoka kwake. Ipo risiti ya Ijumaa, na sahihi yako iko kwenye daftari lake. Jumamosi hadi jana mahakama ilifungwa. Asubuhi ulimuua kwenye karatasi, jioni ukaenda kumalizia."

Eghosa akakisukuma kiapo mbali naye. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa.

"Daftari la wanahisa linafungwa leo. Nilimsikia mwenyewe akiwafundisha. Asiyekuwemo leo hapati gawio la mwaka huu. Nilikuwa dirishani nikamwona Itohan anatoka analia, nikajua wakati ndio huo. Miaka minane nampikia, namfulia, nampeleka hospitali. Anaumwa, anapona. Anaumwa, anapona. Nisubiri mpaka lini? Jina langu kaliandika kwa mkono wake."

"Na kumbe muuza matairi hisa unazijua." Isoken akainama mezani. "Jina lile ni la mtu wa kupigiwa simu mwenye hisa akipotea au akifa. Kupigiwa simu, Eghosa. Mrithi ni mtoto aliyemzaa. Ungemuuliza dalali kabla, angekwambia bure."

Eghosa akamgeukia Itohan kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Nifungueni," Itohan akasema. Askari akamfungua. Akajisugua vifundo vya mikono huku akimtazama Eghosa. "Hujaniuliza tuligombania nini."

"Mimi nilikuuliza siku nzima," Isoken akasema.

"Ningekwambia ungesema ndiyo sababu nimemuua." Akaendelea kumtazama Eghosa. "Baba alitaka kuandika wosia. Nusu yangu, nusu yako. Wakili alikuwa aje leo saa nne. Nikamwambia huyo si mwanao. Akanifukuza. Akasema Eghosa ni mwanangu, usirudi hapa mpaka ukubali."

"Nusu?" Eghosa akauliza.

"Nusu. Ijumaa usiku kucha sikulala. Kulipokucha nikaamua kwenda kumwambia nimekubali. Polisi walinikuta nafunga viatu."