Neno Lililogawiwa Pamoja na Ndizi

Jumamosi moja ya mwaka 2006, soko la Bull Ring huko ughaibuni limefurika watu, Shemsa, Mzanzibari wa Aston, aliinama kuchagua mihogo. Koti jekundu, mtandio wa maua, na maringo yake.

"Chagua tu, chérie," muuzaji akamwambia. Shati lake limepigwa pasi mpaka unajiuliza kama kweli anauza mihogo.

"Chérie ndiyo nini?"

"Kifaransa. Mpenzi."

"Mpenzi wako nani? Hebu nipimie mihogo!"

Lakini alicheka, na Shemsa akicheka basi umekwisha. Makungu, muuzaji huyo, Mkongo wa Kasongo, akawa hoi.

Miezi mitatu simu hazikupoa.

"Umekula, mon cœur?"

"Na hilo maana yake?"

"Moyo wangu."

"Basi niite tena."

Kisha Shemsa akaposwa na binamu yake. Shemsa akaomba muda mpaka Jumapili, na Alhamisi akakimbilia sokoni kumwambia Makungu awahi kuposa. Akamkuta anamfungia mama mmoja ndizi.

"Karibu tena, mon cœur!" alimwambia mama yule.

Neno analolala nalo Shemsa, kumbe linagawiwa pamoja na ndizi! Akageuka Makungu akimwita, akazima simu. Alipoiwasha Ijumaa, ikalia papo hapo.

"Shemsa, kwetu tunaita vile kila muteja. Ni heshima tu."

"Kwetu mwanamme akikwita hivyo keshakuchagua. Mimi niliamini, Makungu! Jumapili namjibu binamu yangu aliyeniposa."

"Unataka nikuite namna gani?"

"Jua mwenyewe!" Akakata, akalia.

Jumapili mchana mlango wa baba yake, Mzee Mwadini, ukagongwa. Makungu huyo, kanzu nyeupe, na wazee watatu wa msikitini kwake. Shemsa yuko jikoni na sahani ya sambusa, sikio mlangoni.

"Binti yangu kasema una majina matamu kwa kila mtu," Mzee Mwadini alianza, uso mkavu.

"Kweli, mzee. Yote nimeyagawa. Nimebaki na moja sijamwita mutu: mke wangu. Naomba munipe ruhusa."

Mama yake Shemsa akanyanyuka kwenda kumuuliza binti. Kwa desturi, msichana huinamisha kichwa akanyamaza, na kimya chake ndilo jibu. Shemsa hakungoja kuulizwa.

"Oui, ndiyo, mon cœur!"

Sauti ilipenya mlango. Mama akashika mdomo, halafu vigelegele vikamtoka mpaka jirani akafungua dirisha.

"Huyo naye kamwita nani?" Mzee Mwadini aliuliza.

Makungu alikuwa anafuta machozi kwa kofia.

"Mimi, mzee. Mimi peke yangu!"