Niliifumba Kompyuta Macho, Jirani Akabaki na Ufunguo

Nina miaka arobaini na mmoja, mama wa binti mmoja anayesoma shule ya bweni, na ninaishi mtaa wa Tassia, Nairobi, ghorofa ya nne. Ghorofa hiyo sikupandishwa na mume wala mjomba. Nilijipandisha mwenyewe!

Nilikwenda Doha kusafisha vyumba vya hoteli. Wenzangu walitapanya mishahara yao kwenye dhahabu za kung'aa na manukato. Mimi nilisoma. Nikarudi Nairobi na diploma ya kompyuta, laptopu yangu mwenyewe, na akili timamu. Hapo chini ya jengo letu nikakodi chumba nikawa nafundisha watu kompyuta. Watu wazima waliokuwa wakishika kipanya kama wanashika panya wa kweli... ni mimi niliyewatoa gizani. Katika ploti nzima, yaani jengo letu lote la wapangaji, nani mwingine ana diploma? Hakuna.

Nayasema haya ili mjue kwamba mkasa huu haukumpata mjinga.

Kwenye mlango unaotazamana na wangu alikuwa akiishi Mama Brayo, muuza viatu vya mitumba katika soko la Muthurwa. Mimi naye tulikuwa kama chanda na pete, ingawa pete ilikuwa mimi. Nilimpa nguo zangu nilizozichoka. Nilimwelekeza mambo. Yeye naye alikuwa na faida moja kwangu, nayo ni maji.

Wanaoishi huku wanajua. Maji ya ploti hayana saa. Yakifika, mtu anapiga kelele kwenye ngazi, na kila mwenye mtungi anakimbia. Ukiwa kazini, yatakupita. Kwa hiyo unamwachia jirani ufunguo akukingie. Ndivyo tunavyoishi. Ufunguo wangu ulikuwa kwa Mama Brayo tangu mwezi niliohamia, na sikuwahi kuufikiria mara mbili.

Mwaka jana nikampata Erasto. Mjane, mwenye duka la mbao, mtu wa magharibi mwa Kenya kama mimi, mpole, mkristo. Tulikubaliana kuoana. Wazee wa kwao wangekwenda kwetu kijijini mwezi wa Agosti kuzungumzia mahari. Mama yangu alikuwa ameshaanza kuwafungia kuku bandani wanenepe!

Erasto alitaka watoto. Hakunificha. "Hata mmoja tu, Mama Shantel," aliniambia, "nyumba yangu isikie kilio cha mtoto tena."

Nami nilikuwa na langu... Nilipokuwa Doha nilifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Daktari wa hapa Nairobi alinipima tena, akasema uwezekano upo lakini ni mdogo, na kuna vipimo vingine vya kufanya. Sikuwa na nia ya kumdanganya Erasto. Nilitaka nijue ukweli wote kwanza, kisha nimwambie kwa mdomo wangu kabla wazee hawajafunga safari. Hilo tu. Je, nilitaka makuu?

Basi nikawa naiuliza kompyuta. Mwanamke mwenye makovu kama yangu anaweza kuzaa? Hospitali gani? Dawa gani? Niliuliza na kuuliza, kama mtu anayeungama.

Siku moja Rhoda, dada mkubwa wa Erasto, alikuja kutoka Kayole kunitembelea. Nikamfungulia laptopu nimwonyeshe picha za Doha, ajue kaka yake anaoa mtu wa aina gani. Kumbe pembeni mwa kioo tangazo limejitokeza: dawa ya kusafisha kizazi kwa wanawake walioshindwa kupata mimba! Picha ya mwanamke analia, mumewe kampa mgongo! Niliifunga ile laptopu kwa kishindo. Rhoda akaniuliza kulikoni. Nikasema chaji imeisha. Sijui kama aliamini.

Nilikasirika jamani! Kampuni iliyotengeneza mfumo unaoendesha kompyuta yangu ilikuwa ikikusanya kila ninachouliza, kila ninapokwenda, kila programu ninayofungua, halafu inaniuzia aibu yangu mwenyewe. Kampuni tajiri, yenye majengo ya vioo, inachungulia tumbo la mwanamke wa Tassia! Kuna umaskini kuliko huo?

Nikaingia kwenye mipangilio. Nikazima yote. Mahali nilipo, nikazima. Historia ya shughuli zangu, nikaifuta kisha nikaizima. Matangazo ya kunilenga, nikazima. Kujifunza jinsi ninavyochapa, nikazima. Taarifa za hitilafu nazo nikazipunguza, maana kuna sehemu wanaiita ya lazima na haizimiki. Ya lazima kwa nani? Kwa ulafi wao!

Sikuishia hapo. Nikaiondoa akaunti ya kampuni ambayo nilikuwa nikiingilia kwayo, nikafungua akaunti ya humu humu ndani ya mashine, isiyomjulisha mtu yeyote ng'ambo. Ikaniomba neno la siri. Nikaweka jina la binti yangu. Shantel. Sikutaka kujisumbua na neno gumu, kwa sababu adui niliyemwona alikuwa mbali, ng'ambo ya bahari, na hajui kama nina mtoto.

Kisha nikajisifu. Ndiyo, nilijisifu, na mtu akifanya kazi nzuri kwa nini asijisifu? Nilisimama pale veranda wanawake wakifua, nikawaambia kwamba kompyuta yangu sasa ni kipofu, ni kiziwi, ni bubu.

"Ai, Mama Shantel!" Mama Brayo akasema huku akikamua shuka. "Na sisi tusio na diploma, tutachunguliwa hadi lini?"

"Nyinyi mna nini cha kuchunguliwa?" nikamjibu.

Wote wakacheka. Mama Brayo alicheka kuliko wote.

Kwa kuwa sikuiamini tena intaneti, nikaanza kuhifadhi kila kitu ndani ya mashine yenyewe. Majibu ya vipimo, picha za kizazi changu, majina ya dawa. Vyote hapo mbele, kwenye kioo, ukiwasha tu unaviona. Nilijiambia viko salama kuliko benki.

Haukupita muda Erasto akapoa. Akipigiwa simu anasema yuko na wateja. Nikimwalika chai anasema kuna mbao zinashushwa. Mwishowe Rhoda akanipigia yeye, bila hata ya salamu, akaniambia kwamba familia imesikia kizazi changu kimekatwakatwa huko Uarabuni, na kwamba nilitaka kumfungia kaka yake kwenye nyumba tupu.

Nani alijua? Mimi na daktari. Na kompyuta!

Nikamkimbilia Erasto dukani. Nikamweleza mbele ya mafundi wake kwamba kampuni ile imeniuza, kwamba niliizima lakini lazima imeacha tundu fulani. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole wake ule ule, "Kampuni ya ng'ambo... inamjuaje dada yangu wa Kayole?"

Mafundi wakainamisha vichwa kwenye randa zao wasicheke. Niliondoka pale nimefura. Nilijiambia Erasto ni mtu wa misumari, ataelewa nini kuhusu data?

Nikarudi kuikaza mashine zaidi. Nikafunga anwani zote ambazo mfumo ule huzungumza nazo kisirisiri. Nikazuia hata masasisho ya mfumo. Na bado kila kitu kilimfikia Rhoda! Nikibadilisha dawa, anajua na kunipigia simu kunisuta. Nikipata tarehe ya kwenda hospitali, anajua. Nikataka kuangalia ni lini laptopu iliwashwa na nini kilifunguliwa... nikakuta patupu. Kumbukumbu za shughuli nilizifuta na kuzizima mwenyewe, kwa mkono wangu wenye diploma. Niliifumba macho mashine, na sasa nilipotaka inisimulie ilichokiona, haikuwa imeona kitu.

Ndipo akili ya darasani iliponirudia. Nikachomoa kifaa cha intaneti kabisa, nikakitia kwenye mkoba. Laptopu ikabaki haiwezi kuongea na mtu yeyote duniani. Kisha nikaandika uongo. Niliandika kwamba nina watoto mapacha niliowaacha Doha, wanalelewa na mwanamke wa Kihindi, na kwamba Erasto asijue kamwe. Nikauweka hapo mbele ya kioo pamoja na yale mengine. Asubuhi nikampa Mama Brayo ufunguo kama kawaida, nikamwambia leo huenda maji yakaja.

"Usijali, Mama Shantel," akasema. "Maji yako ni maji yangu."

Wasomaji wenzangu, wiki ile haikuisha! Rhoda alipanda ngazi zetu zote akihema, kitambaa kimemtoka kichwani, akanikuta mlangoni. Akanirushia swali mbele ya majirani: mapacha wangu wa Doha wanakula nini?

Nilicheka hadi nikashika ukuta. "Rhoda dada yangu," nikamwambia, "juzi kizazi changu kilikuwa kimekatwakatwa. Leo kimetoa mapacha? Chagueni basi moja!"

Nikamwambia kwamba mapacha hao wanaishi ndani ya laptopu yangu tu, kwamba niliwazaa kwa kuchapa, kusudi nimjue anayeingia nyumbani kwangu. Macho yake yakafanya kosa. Yakakimbia moja kwa moja kwenye mlango wa Mama Brayo. Baadaye nilijua kwamba yeye na Mama Brayo wanasali kanisa moja.

Mama Brayo alikuwa kwenye mitungi yake. Hakukana. Labda hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimuuliza aliwezaje kuifungua mashine niliyoifunga dhidi ya kampuni kubwa kabisa duniani.

Akanitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Si iliomba neno la siri? Nikaweka jina tunalokuitia kutoka asubuhi hadi jioni. Mama Shantel, Mama Shantel, maji! Mama Shantel, nguo zako zinanyeshewa! Ploti yote hii inajua jina la mtoto wako. Kwani ulidhani ni siri?"

Watu wakaguna.

Nikamuuliza kwa nini. Nilimkosea nini, mimi niliyemvika? Akasema ndiyo hayo, nguo zangu nilizozichoka. Akasema tangu nishuke ndege nimewaita washamba kwa kinywa na kwa macho, na kwamba alitaka siku moja tu ajue kitu ambacho mimi sikutaka ajue. Hiyo ndiyo sababu! Si njaa, si shida. Kijicho. Mtu anaharibu ndoa ya mwenzake ili ajisikie mrefu kidogo. Nilimdharau siku ile, na namdharau hadi leo ninapoandika. Alihamia mtaa wa Pipeline mwisho wa mwezi, na sikumsindikiza hata kwa macho.

Sasa mtadhani Erasto alirudi. Nami nilidhani hivyo. Nilimpelekea ukweli wote, pamoja na majibu ya vipimo. Nikamwambia uwezekano mdogo bado ni uwezekano. Nikamweleza mtego wangu, nikitarajia anisifu.

Hakunisifu. Alisafisha vumbi la mbao kwenye kiti, akanikalisha, akaniambia kwamba jambo la watoto angelivumilia. Angelia, kisha angelivumilia. "Lakini uliiambia mashine kabla yangu," akasema. "Hata Mama Brayo alijua kabla yangu. Mimi ndiye wa mwisho, na mimi ndiye ninayeoa."

Nikamwambia nilikuwa nangoja niwe na hakika. Akasema na yeye alikuwa akingoja. Kila aliponikwepa na mbao zake, alikuwa akingoja nimfuate nimwambie, na siku niliyomfuata nilizungumza habari za kampuni.

Agosti ikafika, wazee hawakwenda. Mama yangu aliwafungulia wale kuku wakarudi uani, wanene, wakichakura. Hakuniuliza neno. Angeniuliza ningepata afueni...

Nimewaandikia haya si ili mnihurumie. Huruma za bure nimezikataa tangu Doha. Ninawasihi hivi: zimeni, ndiyo, zimeni mkusanyiko huo wa data, hamna deni la kuwalisha matajiri siri zenu. Mimi nimezima na sitawasha. Lakini kabla ya kumfungia aliye ng'ambo ya bahari, mtazame aliye ng'ambo ya veranda. Neno la siri lisiwe jina linaloitwa kwenye ngazi. Na kama kuna mtu mmoja anayestahili kujua yaliyo ndani yako, mwambie yeye kwanza, kwa mdomo, hata kama hujawa na hakika. Nisikilizeni, wenye diploma na msio nayo. Msipite nilikopita.

Bado naishi ghorofa ya nne. Bado wananiita Mama Shantel kutwa, nami naitika. Lakini ufunguo wangu unatembea nami popote niendapo. Maji yakija nisipokuwepo, na yapite.