Nikahi ya Sitara Mchana Kweupe

Bi Mwanamkuu wa Kariakoo alikuwa na mtoto mmoja tu, Sitara. Kila asubuhi mama na binti walikaa uani. Mmoja akikuna nazi, mwingine akichagua mchele, na maneno hayaishi. Baba, Mzee Mbaruku, karani wa bandarini, alikuwa kinyume chao. Maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kikombe cha kahawa.

Mwaka 1956 Sitara aliolewa na kijana wa Lindi. Nikahi ilifungwa madrasani mbele ya wanaume. Wanawake walibaki nyumbani na vigelegele vyao, kama ilivyo desturi. Kwa hiyo Sitara hakumwona baba yake akimwoza. Aliwauliza wajomba zake, "Baba alikuwaje?" Wakamjibu kwamba alikaa kimya, kama kawaida yake.

Jibu hilo lilimchoma Sitara. Alimwambia mama yake, "Kaniozesha kama anayegonga muhuri kwenye mzigo."

Bi Mwanamkuu naye hakuiona nikahi ile. Alichojua ni kwamba mtoto hapaswi kwenda mbali na kinyongo moyoni.

Bahati nzuri, nikahi ile ilipigwa picha za sinema na Chandu, mpiga picha wa Mchafukoge. Filamu ilikuwa ya bwana arusi, na ingeondoka naye. Meli ya Lindi ilikuwa inang'oa nanga Jumamosi usiku, na magharibi maharusi walitakiwa wawe bandarini. Basi wanawake wakaalikwa kuitazama Jumamosi hiyo hiyo, alasiri, jua likiwa bado linawaka.

Ijumaa Mzee Mbaruku alikwenda kwa Chandu kuazima projekta. Zilikuwapo mbili. Moja ilikuwa ndogo, nyeusi, haina sura. Nyingine ilikuwa kubwa, imenakshiwa kwa chuma kinachong'aa. Unajua aliyoichagua. Chandu alifungua kinywa amweleze jambo, lakini mwenzake alikuwa keshafika barabarani na mzigo begani.

Nyumbani aliunga mashuka mawili meupe kwa sindano, mwenyewe. Akayatundika ukutani, yakaelekea mlango wa uani. Mkewe alipouliza shuka moja lina kosa gani, alijibu, "Picha ya mwanangu haitazamwi kwenye leso."

Wakaijaribu filamu mchana ule ule. Picha ilijaa ukuta mzima, lakini watu walikuwa wamepauka kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Kanzu zilionekana kidogo. Nyuso hazikuonekana kabisa.

"Yule aliyekaa kati ni nani?" Bi Mwanamkuu aliuliza.

"Nadhani ni mimi," akasema Mzee Mbaruku.

Sitara alitazama kidogo, kisha akarudi ndani kufunga masanduku yake. Mama yake alivaa buibui saa ile ile, akaenda Mchafukoge. Alirudi na shoga yake Shobhana, mke wa Chandu. Majirani humwita Mama Devendra. Yeye ndiye huendesha projekta kwenye shughuli za wanawake, mahali ambapo mumewe haingii.

Shobhana hakuitazama projekta kwanza. Alitazama mlango, akatazama dirisha, akatazama na uwazi ulio kati ya kuta na paa. Kisha akaomba tochi. Akaisogeza karibu na ukuta, pakawa na duara dogo linalong'aa. Akarudi nyuma. Duara likawa kubwa, likafifia.

"Mwanga ni ule ule," alisema. "Sukari ya kikombe kimoja ukiitia kwenye sufuria, utaionja? Chumba chenye mwanga kinataka picha ndogo kiasi, na globu yenye nguvu. Hii kubwa ina mwili tu, Baba Sitara. Globu yake ni ya wati mia tatu. Ile nyeusi ni ya mia saba na hamsini."

Mzee Mbaruku akaikazia macho mashine yake kama aliyeuziwa samaki wa jana.

Shobhana akaendelea kueleza. Shuka halifai, kwa sababu ni jepesi, na mwanga wa projekta hupenya ukapotea nyuma yake. Bora ubao laini uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa. Mzee Mbaruku akamkumbusha lile pazia linalometameta dukani kwao. Shobhana alisema lile ni zuri kwa anayekaa mbele yake hasa. Wanawake wakijaa kwenye mikeka huku na huku, wa pembeni wataona kiza.

Tena ubao usielekee mlango wala dirisha. Uelekezwe upande wa giza, ili jua lisiuangukie.

"Na mkumbuke hili," alisema. "Projekta haiwezi kutoa rangi nyeusi. Weusi wote kwenye picha ni giza la chumba chenu. Mkikosa giza, macho na ndevu za watu mtavipata wapi?"

Jumamosi ubao ulikuwa tayari, upana wake kama mlango uliolazwa. Ile projekta nyeusi iliwekwa karibu nao. Dirisha na mlango vilizibwa kwa mikeka. Mzee Mbaruku akafukuzwa akakae barazani, kwa kuwa shughuli ilikuwa ya wanawake. Wageni walipofika, Shobhana aliwasha. Picha ilikuwa nzuri kuliko ya jana, lakini nyuso bado zilikuwa na ukungu. Mwanga ulikuwa ukimwagika kwa juu, pale kuta zinapoishia, na mikeka ilikuwa imekwisha.

Sitara aliinamisha kichwa. Bi Mwanamkuu akazungusha macho chumbani. Wanawake thelathini, na kila mmoja amekaa na buibui lake jeusi limekunjwa mapajani.

"Jamani," alisema, "leteni mabuibui."

Palikuwa na kicheko pale. Mabuibui yakaning'inizwa juu ya kuta, moja baada ya jingine, mpaka chumba kikaingia giza saa kumi ya mchana. Joto lilikuwa la tanuri, ila hakuna aliyejali.

Shobhana akawasha tena. Nyuso zikatoka, na macho, na ndevu. Yule pale shehe. Yule pale bwana arusi, kofia imemkaa upande. Wanawake wakamcheka mpaka basi. Kisha akaonekana Mzee Mbaruku, ameshika mkono wa mkwewe, midomo inatamka maneno ya kuozesha. Akakwama katikati. Akatoa leso, akajifuta jicho moja, akajifuta na la pili, ndipo akamalizia.

Kicheko kilikatika. Bi Mwanamkuu alikuwa analia waziwazi, na furaha imemjaa. Mama mmoja nyuma alianza kuulizia kama ubao ule unaazimwa, maana naye ana harusi mwezi ujao.

Sitara hakusubiri mwisho. Alitoka barazani, akakaa karibu na baba yake.

"Baba, nimekuona."

Mzee Mbaruku alitazama barabarani. "Ulikuwa moshi wa udi, mwanangu. Uliniingia machoni."

Sitara akaushika mkono wake, akaubusu. Mashavu yake mwenyewe yalikuwa yameloa machozi.

"Basi moshi huo," alisema, "umenifika na mimi."