Hatuombi Radhi kwa Kusema Hapana

Kila jioni na kila alfajiri Mama Pacha alikamua ng'ombe wake sita na kuyachuja maziwa. Mumewe aliyapeleka kiwandani. Kiwanda kiliuza kila kitu kwa nchi moja jirani, iliyoitwa na wengi Kaka Mkubwa.

Siku moja Baba Pacha alirudi na madebe yakiwa bado yamejaa.

"Kaka Mkubwa amefunga mpaka," alisema. "Serikali yetu imekataa kumuunga mkono katika vita vyake, naye amenuna. Mke wangu, tutauza ng'ombe."

Akatoa karatasi aliyopewa kiwandani. Ilitaka wafugaji waweke alama ya dole gumba, waisihi serikali imwombe radhi Kaka Mkubwa.

Mama Pacha alipandwa na hasira. "Radhi ya nini? Ya kusema hapana?"

Jirani yao, mkaguzi wa maziwa, aliyewasikia kutoka nje, alipiga hodi akaingia.

"Shemeji, ngoja kwanza," alimwambia Baba Pacha. "Kosa letu ni kumtegemea mmoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini."

"Kwani tuna ubavu wa kushindana naye?"

"Hatushindani. Nchi yetu si kubwa, lakini si mtoto wa kubebwa. Zipo nyingine za kadiri yetu. Tukiuziana na kuteteana, akinuna mmoja hatulali njaa."

"Mbona hazinunui maziwa yetu?"

"Zinayapima, shemeji, na yetu hayafuzu! Kaka Mkubwa hapimi, nasi tukabweteka. Tunachanganya maziwa ya jana jioni na ya asubuhi. Yatengeni, yapozeni upesi."

Baba Pacha akaangua kicheko. "Kumbe miaka yote tunamnywesha yaliyolala!"

Kesho yake Mama Pacha alisimama mbele ya wafugaji kiwandani.

"Dole langu ni la kukamulia," alisema. "Si la kuombea radhi."

Wachache walimzomea. Wengi walikunja vidole vyao.

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa michungu kama shubiri. Maziwa mengine waliyageuza samli, mengine waliwapa ndama. Lakini waliyatenga na kuyapoza kila siku, na serikali ikatafuta marafiki wapya. Nchi tatu zilipima, zikaridhika, zikanunua. Hakuna ng'ombe aliyeuzwa.

Ndipo mjumbe wa Kaka Mkubwa akaja kiwandani, akitabasamu. Mpaka umefunguliwa, alisema. Kaka Mkubwa anataka maziwa yote, kama zamani.

Wafugaji wakamtazama Mama Pacha.

"Karibu sana," alijibu. "Utapata robo, kama wenzako."