Kemilembe Atoweka Bilele

Kufuli lilikuwa zima. Hilo lilimkera Inspekta Ishengoma kuliko stoo yenyewe kuwa tupu.

"Mwizi wa siku hizi," alisema akiligeuzageuza mkononi, "anafungua kwa ufunguo, anahamisha mzigo wote, halafu anafunga alipopakuta pamefungwa. Ana adabu kuliko watoto wangu."

Jana yake, stoo ile ya nyuma ya nyumba, mtaa wa Bilele, ilikuwa imejaa maboksi ya vitabu vilivyoteremshwa melini kutoka Mwanza. Asubuhi hii ya Jumatano ilibaki sakafu ya saruji na panya mmoja, naye alionekana kushangaa. Koplo Mwamvita alipiga picha za eneo la tukio, kisha akapaka unga mlangoni kutafuta alama za vidole. Macho yake yalikuwa mekundu. Inspekta alidhani ni vumbi.

"Nimelia, afande," koplo alikiri bila haya. "Hicho ni kitabu cha nne. Nimekingoja miaka miwili!"

Mwenye vitabu alisimama mlangoni, mtandio umemtoka kichwani bila mwenyewe kujua. Nuriat Haidari aliandika riwaya za vijana, na Kagera nzima hakuna sekondari ambayo vitabu vyake havikuwa vimechakaa kwa kupitishwa mkono kwa mkono. Vyote vilimhusu Kemilembe, binti wa Muleba anayewafichua walanguzi wa kahawa, na Kashaija, kijana anayempenda. Babu yake Nuriat alikuja Bukoba kutoka Pangani kuuza vitambaa, akaoa, akasahau kurudi. Mjukuu alizaliwa Bilele na Kihaya alikizungumza vizuri tu. Hata hivyo hakukosekana mtu wa kumuuliza sokoni, "Lakini wewe kwenu hasa ni wapi?"

"Uzinduzi ni Jumamosi," alisema. "Wanafunzi wanakuja hadi kutoka Muleba. Nitawaambia nini wale watoto?"

"Tutavipata. Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Wangu na wa Mwalimu Magdalena."

"Ndiye nani?"

"Alinifundisha darasa la kwanza. Mama alipofariki, likizo zangu zote nilizimalizia kwake Kamachumu, huko Muleba. Kila ninachoandika anakisoma kabla ya mtu mwingine. Hiki cha nne tu ndicho hakukisoma, alikuwa ametolewa mtoto wa jicho."

"Alifika hapa lini?"

"Jumatatu, kuyaona maboksi. Tulifungua moja, akashika kitabu, akatazama jalada, akasema macho yanamuuma. Akarudi kwake." Nuriat alijitahidi kutabasamu. "Afande, usinichekeshe. Yule ni bibi anayetembelea fimbo."

"Una adui?"

"Najibu wa duka la vitabu. Alitaka auze yeye peke yake, nikamkatalia. Akasema nitajuta."

"Na jana jioni ulikuwa wapi?"

"Redioni, nahojiwa. Mji mzima ulijua."

Inspekta aliinama kwenye fremu ya mlango. Palikuwa na doa jeusi, linanata. Alilinusa, hakuhitaji maabara. Alikulia kwenye migomba ya Muleba, na mashati yake yote ya utotoni yalikuwa na madoa ya namna ile. Ulikuwa utomvu wa ndizi.

Najibu walimkuta dukani kwake, amekunja uso.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Nasikiliza redio."

"Mashahidi?"

"Wateja wangu. Walijaa mpaka nje, kila mmoja anataka kumsikia Nuriat. Hakuna aliyenunua hata penseli."

"Ulisema atajuta."

"Nilisema, nilikuwa na hasira. Lakini, afande, vitabu vile nitamuuzia nani? Kila mtoto wa mji huu anajua havijazinduliwa. Nikitoa kimoja tu kabatini, kesho nina polisi mlangoni. Na polisi wenyewe mmekuja hata kabla sijakitoa."

"Basi mwizi atauzaje?"

"Hatauza. Huyu hakuiba ili auze."

"Ameiba ili iweje?"

Najibu alimtazama juu ya miwani. "Vile vitatu vya kwanza umevisoma?"

"Mimi ni polisi."

"Polisi hawasomi? Basi unatafuta kitu usichokijua, baba. Pole sana."

Maneno yale yalimchoma Inspekta, hasa kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Alirudi kituoni akamwomba Koplo Mwamvita vitabu. Koplo alivitoa kwenye droo, chini ya pingu, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Inspekta alikiweka cha kwanza ndani ya jalada la kesi ya wizi wa mbuzi, ili wanaopita waone anafanya kazi. Alikusudia kusoma kurasa chache. Chai ikapoa. Mchana ukapita. Kemilembe alipofungiwa ghalani na walanguzi, Inspekta alipiga ngumi mezani, mahabusu mmoja aliyekuwa akipitishwa pale akaomba msamaha. Alikwenda nyumbani na cha pili kwapani. Alhamisi asubuhi alikuwa ndani ya cha tatu na amekwisha kumpenda Kashaija kama mkwewe mwenyewe.

Ghafla akasimama, kiti kikaanguka.

"Haiwezekani!"

Mwamvita aliingia mbio. "Wamemuua?"

"Kaa hapo. Kitabu cha kwanza, bibi yake Kemilembe alifanya nini walipopika kamongo ndani ya chungu chake?"

"Alikitupa chungu. Kwao Kemilembe hawali kamongo."

"Na hapa kwenye cha tatu, Kashaija anaondoka kwenye sherehe kwa sababu gani?"

"Ameletewa kamongo. Kwao nao hawali." Mwamvita, mzaliwa wa Lindi, alikunja uso. "Si samaki tu, afande? Mbona unatoka jasho?"

"Samaki tu! Huku kila ukoo una mwiko wake, kitu ambacho hawagusi, tangu mababu. Na hawa wawili wametoka kijiji kimoja. Kijiji kimoja, mwiko mmoja! Huo ni ukoo mmoja. Hao ni kaka na dada, Mwamvita, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Mtoto yeyote wa Muleba anajua." Aliokota kiti. "Hicho cha nne kinaitwaje?"

Koplo alishika kifua.

"*Harusi ya Kemilembe*," alinong'ona.

Inspekta alicheka mpaka akakohoa. Sasa alijua anamtafuta nani. Hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa mtu aliyelijua jambo hilo, aliyetaka kitabu kisisomwe, mwenye ufunguo. Kilichobaki ni aliyebeba.

Alipiga simu kwa askari wa usalama barabarani waliokuwa zamu Jumanne jioni kwenye barabara ya Muleba. Mmoja alikumbuka mara moja, kwa sababu alicheka. Pikapu ya Gozbert, msafirishaji wa ndizi, ilipita imesheheni mikungu, inaelekea Kamachumu. Ndizi siku zote hutoka Kamachumu kuja Bukoba. Huyu alikuwa anazirudisha.

Gozbert aliletwa kituoni kabla ya chakula cha mchana, kijana mwenye mabega mapana na macho yasiyojua kudanganya.

"Jumanne ulibeba nini?"

"Ndizi, afande."

"Kutoka?"

"Bukoba mjini."

"Kwenda?"

Gozbert alitazama mlango. Alikuwa ameuona mtego, na mguu tayari umo.

"Kamachumu," alisema taratibu.

"Mimi ni mtoto wa Muleba, Gozbert. Nani ananunua ndizi Bukoba akale Kamachumu?"

"Zilibaki sokoni..."

"Chini ya ndizi kulikuwa na nini?"

"Ndizi nyingine."

"Hizo za chini zilikuwa na picha ya bibi harusi?"

Gozbert alifunika uso kwa viganja vilivyojaa weusi wa utomvu. "Afande, mimi sikuiba. Nilitumwa. Alinifundisha kusoma, angeniambia nibebe kituo hiki ningebeba." Akalitaja jina.

Kumwambia Nuriat ndiyo ilikuwa kazi ngumu. Alisema, "Hapana." Akalirudia mara kadhaa. Kisha akavaa viatu, akaingia kwenye gari la polisi bila kualikwa. Inspekta hakuthubutu kumweleza habari za kamongo. Aliona si yeye wa kuzisema.

Mwalimu Magdalena alikuwa barazani kwake, amevaa miwani myeusi ya hospitali na gauni la Jumapili, ingawa ilikuwa Alhamisi.

"Mmechelewa," alisema. "Chai nimeipasha moto mara mbili."

Maboksi yalikuwa sebuleni, yamepangwa vizuri, yamefunikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono. Mwamvita alianza kuhesabu.

"Ma Magdalena," Inspekta alisema, akijitahidi kusimama kama polisi, "nakuonya kwamba hulazimiki kusema lolote, na utakalolisema..."

"Ninyamaze ndani ya nyumba yangu? Andika. Nilichukua mimi, kwa ufunguo wangu. Gozbert nilimtuma, hawezi kunikatalia. Kama kuna wa kufungwa, nifungeni mimi."

"Kwa nini?"

Mwalimu alimgeukia Nuriat. Hakumtazama mtu mwingine tena.

"Kemilembe hali kamongo."

"Ndiyo, Ma."

"Kashaija hali kamongo."

"Ndiyo. Nilitaka wafanane katika kitu, ili wakutanapo..." Nuriat aliishia hapo. Mkono ukapanda taratibu hadi mdomoni. "Mawe!" alimwita mama kwa Kihaya.

"Nilipokisoma cha tatu nilifurahi," Mwalimu aliendelea. "Nilisema, mwanangu ana akili, amewaficha wasomaji. Kitabu kinachofuata watagundua kuwa ni ndugu, watalia, watasameheana. Nilidhani unajua unakokwenda. Jumatatu ukanipa kitabu mkononi, nikamwona bibi harusi."

"Ma, mbona hukuniambia palepale?"

Mwalimu Magdalena alivua miwani. Jicho lililopasuliwa lilikuwa bado jekundu, na yote mawili yalikuwa yanatiririka.

"Nikwambie nini? Tangu ukiwa mdogo watu wanakuuliza kwenu wapi, na mimi ndiye ninayewajibu. Nawaambia kwao ni kwangu, ondokeni. Leo nifungue mdomo huohuo nikwambie umekosea jambo ambalo mtoto wa hapa halikosei? Ningekuwa nimewapa haki wote waliokuuliza. Nilijaribu, Nuriat. Nilisimama kwenye ile stoo nikajaribu, mdomo ukakataa. Nikaona afadhali niwe mwizi."

Inspekta aliangalia dari. Alifurahi kwamba Koplo Mwamvita analia kwa sauti kiasi cha kumfichia aibu.

"Ulikuwa uvifiche mpaka lini?" Nuriat aliuliza.

"Sikufikiria. Kwani wezi wanafikiria?"

Nuriat alianza kucheka. Alicheka huku machozi yakimwagika, akapiga magoti, akamkumbatia mwalimu wake kiunoni, na bibi yule naye akaanza kucheka, fimbo ikaanguka. Walicheka hivyo kwa muda mrefu.

"Afande," Nuriat alisema alipopata pumzi, "naondoa malalamiko. Vitabu havikuibwa. Vilikuja likizo kwa mwalimu."

"Na Jumamosi?" Inspekta aliuliza. "Utawazuia wageni?"

"Jumamosi nitasema mwenyewe."

Ukumbi wa Bukoba ulijaa mpaka wengine wakaning'inia madirishani. Nuriat alipanda jukwaani. Aliwaambia ukweli wote. "Wapenzi wangu, mimi Nuriat Haidari wa Bilele nimewaozesha ndugu wawili. Kemilembe na Kashaija ni ukoo mmoja, na sikujua. Mkitaka kunicheka, nipo."

Walimcheka. Walicheka hadi viti vikalia, lakini kilikuwa kicheko cha nyumbani, cha watu wanaomcheka wa kwao. Mzee mmoja, Ta Lameki, alisimama akasema yeye mwenyewe hali kamongo na harusi hiyo haitambui, ila kitabu anakitaka, tena chenye kosa. Msichana wa kidato cha tatu akasimama juu ya benchi.

"Basi asiolewe!" alipiga kelele. "Aende chuo kikuu!"

Wasichana wote wakasimama. Ukumbi ulivuma. Kitabu cha tano kilipata mwanzo wake palepale, na wote walishangilia kana kwamba wamekiandika wao.

Kila mtu sasa alitaka toleo lenye kosa, lililotiwa saini. Najibu, ambaye Nuriat alimwita mwenyewe aje kusaidia kuuza, aliishiwa sauti, kisha akaishiwa vitabu. Inspekta Ishengoma alijipatia kimoja, akamwambia mwandishi asaini kwa jina la binti yake. Koplo alikohoa. Wote walijua ni chake.

Baadaye wageni walitoka uani kula. Novemba ilikuwa imeleta senene, panzi wa kuliwa, na Mwamvita alizungusha bakuli kubwa la waliokaangwa, wakavu, wenye chumvi. Nuriat hakuwa amekula kitu tangu alfajiri. Alinyoosha mkono.

Mwalimu Magdalena akaupiga kofi.

"Wewe huli hao."

"Ma! Wewe ndiye usiyekula. Mimi nimekula senene tangu nimeota meno."

"Hilo lilikuwa kosa langu, nilikuacha. Limekwisha leo." Bibi alijiweka sawa kwenye kiti chake. "Ni mwiko wa ukoo wetu. Sisi hatuli."

Nuriat alitazama bakuli, harufu ikampanda puani. Akamtazama mwalimu wake, akaona hatanii hata kidogo. Alijifuta vidole kwenye mtandio, kimoja kimoja, kisha akalisukuma bakuli upande wa Inspekta.

"Chukua, afande," alisema, na uso wake wote ulikuwa unang'aa. "Sisi hatuli."

Inspekta Ishengoma alilipokea kwa mikono miwili, akatafuta pa kukaa, akawala wote.