Vumbi la Nguo za Frednand

Ndugu zangu wa Ntobeye, nanyi wa Bisibo ambako mambo haya yalianzia, nipeni masikio yenu. Ninayoyasimulia yametokea katika nyumba iliyopakana na yangu.

Jumapili moja, baada ya misa, Frednand Ndayisaba alikuwa uani akigeuza kahawa aliyoianika. Mkewe Zita alikuwa akimenya ndizi huku akiimba, maana alikuwa mwanakwaya tangu usichana wake. Maharage yalikuwa jikoni. Siku ilikuwa njema kabisa. Katikati ya wimbo Zita akanyamaza, akaweka kisu chini na kushika ubavu wa kulia.

"Pumzi imekata," alisema. "Ngoja nisimame kidogo."

Akasimama, akakaa, akasimama tena. Tangu siku ile hakutulia. Akilala chali anabanwa, akilala ubavu anachomwa. Aliacha kwaya, kisha akaacha hata kwenda kisimani. Frednand naye hakukaa. Leo yuko zahanati kufuata dawa ya kikohozi, kesho yuko kwa mganga wa mitishamba, keshokutwa anahangaikia kipimo cha kifua kikuu. Kipimo hakikuonyesha kitu. Ndipo alipoanza kumtazama vibaya jirani yetu Bizimana, kwa sababu Zita alikuwa amekunywa pombe ya ndizi kwake siku ya ubatizo wa mtoto wake.

"Mke wangu amelishwa kitu," aliniambia.

Ndivyo tulivyo. Tusipojua ugonjwa umetoka wapi, tunautafutia sura ya mtu. Bizimana aliacha kupita njia yetu, na watoto wake wakaacha kuchota maji na wetu.

Mwishowe walipewa rufaa kwenda hospitali kubwa Mwanza. Huko Zita alitolewa maji yaliyojaa kifuani, akakatwa kinyama kidogo cha kupimwa. Majibu yalipotoka, daktari aliwaita wote wawili.

"Mama," aliuliza, "umewahi kufanya kazi penye asbesto?"

"Hicho kitu sikijui, mwanangu."

"Yale mabati ya zamani ya kijivu, mazito, yanayofanana na saruji."

Zita akatikisa kichwa. Frednand ndiye aliyejibu.

"Mimi nimeyakata. Tulipooana tulikuwa tumepanga Bisibo, nami nilikuwa naezeka ghala moja Biharamulo. Tuliyakata kwa msumeno, siku nzima."

"Nguo zako za kazi alifua nani?"

Frednand akamgeukia mkewe.

"Nilifua mimi," alisema Zita. "Nilizikung'uta kwanza pale mlangoni, ndipo nikazitia majini. Zilitoa vumbi kama unga wa muhogo."

Daktari akawaeleza taratibu. Ndani ya mabati yale mna nyuzi ndogo mno, jicho haliwezi kuziona. Yakikatwa au kuvunjwa, nyuzi huruka, mtu huzivuta, nazo huganda kifuani miaka ishirini, thelathini, hata zaidi. Kisha huzaa maradhi. Zita alikuwa na saratani ya utando wa mapafu. Wangeweza kumpunguzia maumivu, lakini si kumponya.

Walipanda basi la kurudi. Frednand alikaa akifikicha mikono, akichungulia dirishani, akigeuka kumtazama mkewe. Basi lilipokaribia Biharamulo alishtuka.

"Philbert," alisema.

Philbert ni mwana wao, fundi wa mapaa, anayeishi Biharamulo na mkewe Ineza na binti yao mdogo. Wakati ule alikuwa na kazi ya kubomoa ghala la zamani lililonunuliwa na mfanyabiashara mmoja wa mjini, Muksini. Lilikuwa ghala lile lile aliloliezeka baba yake.

Wakashuka. Walipofika kwa Philbert walimkuta Ineza mlangoni, ameshika suruali ya mumewe, anaikung'uta kwenye mwimo wa mlango. Jiko lao lilikuwa limeezekwa upya kwa vipande vya kijivu, na mtoto alikuwa akichora sakafuni kwa kimoja, kama chaki.

"Shikamoo mama," alisema Ineza. "Mbona hamkutuarifu?"

Zita hakuitikia. Alimfikia, akamshika mkono kwa nguvu ambayo hakuwa nayo.

"Iweke chini, mwanangu. Usiikung'ute. Mchukue mtoto, mtoke hapo."

Frednand hakungoja hata maji ya kunywa. Alikwenda ghalani karibu akimbie. Mafundi walikuwa juu wakivunja paa kwa nyundo na kuvirusha vipande chini, vumbi jeupe limewafunika kope.

"Philbert, shuka."

"Shikamoo baba. Ngoja nimalize safu hii."

"Nimesema shuka. Vumbi hilo ndilo linalomuua mama yako."

Nyundo zikanyamaza. Muksini akasogea, akamwamkia kwa heshima, akauliza kulikoni. Frednand alipomweleza, Muksini alijaribu kutabasamu.

"Mzee wangu, watu wamekaa chini ya paa hili miaka yote. Nani amekufa?"

"Lilikuwa zima. Ninyi mnalisaga."

Philbert naye alisema kutoka juu, "Baba, uliyakata wewe mwenyewe, na uko mzima."

"Ndiyo, mimi ni mzima. Nenda nyumbani ukamtazame mama yako."

Fundi mmoja akamgeukia Muksini. "Bosi, yule afisa wa mazingira aliyekuja wiki ile, alisema nini?"

Muksini alitazama viatu vyake. "Alisema niite wataalamu. Niliona watanichelewesha."

Philbert alishuka wa kwanza, na wenzake wakamfuata.

Kazi ilisimamishwa. Baadaye wataalamu walikuja na barakoa na mavazi maalumu, wakayalowesha mabati, wakayashusha yakiwa mazima, wakayafunga na kwenda kuyafukia palipotengwa. Vipande vya jikoni kwa Philbert navyo vilichukuliwa. Frednand alikwenda kwa Bizimana kumwomba radhi, na Bizimana akaja kumwona mgonjwa.

Zita alifariki kabla ya kahawa kuvunwa tena. Siku zake za mwisho Frednand alikuwa akijilaumu, hali chakula, haketi. Zita akamwambia mbele yetu, "Uliniletea vumbi bila kujua. Sasa unajua. Waambie wengine."

Philbert na Ineza wako hai, wana afya. Lakini mtoto wao akikohoa tu, wote wawili huacha walichoshika. Daktari amewaambia huenda wasiugue kamwe, na huenda waugue wakiwa wazee. Muksini naye alisimama katika vumbi lile kila siku. Kama naye ataugua, hakuna anayejua.

FUNZO

Jamani, bati la asbesto likiwa zima msiliguse. Msilikate, msilivunje, msilifagie likiwa kavu, wala msiokote vipande vyake kuezekea jiko au banda la kuku. Ulizeni ofisi ya mazingira kabla nyundo haijainuliwa. Fundi asiingie nyumbani na nguo za kazi zenye vumbi. Nawe mwajiri, ukiambiwa penye hatari ukanyamaza, ujue humdhuru fundi peke yake, unamdhuru hata mama anayemfulia, ambaye hujawahi kumwona. Na ugonjwa ukituingilia, tuanze kwa kuulizana tulifanya kazi gani, kabla ya kumnyooshea jirani kidole.